Mtoto Kifuani, Mama Kazini

Jina la Kariakoo, ndugu msomaji, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na waliokuwa na kambi yao hapo. Mpaka leo wabebaji hawajapungua. Wako wanaosukuma mikokoteni Mtaa wa Msimbazi, wako wanaojitwika viroba, na wako machinga wenye suruali mabegani Mtaa wa Congo. Lakini yuko mbebaji mmoja ambaye hahesabiwi miongoni mwao, naye ni mama mwenye mtoto mchanga. Huyu ana mzigo usiotuliwa, na mzigo wenyewe hudai chakula kila baada ya saa mbili au tatu.

Wazee wetu walikwisha kusema kuwa ng'ombe haelemewi na nunduye. Msemo ni mzuri, ila nadhani aliyeusema hakupata kupanda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili ya jioni.

Hebu tufanye hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi afikishe miaka 2 au zaidi. Miezi 6 ni siku 180 hivi. Ukitoa 84 zabaki 96, na hapo hujatoa siku ambazo mama alipumzika kabla ya kujifungua. Ni katika siku hizo ndipo chupa ya uji mwepesi inapoingia nyumbani. Mtoto akinyonya mara chache, na maziwa nayo hupungua, kwa maana maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyonyonywa. Kisha utamsikia mama akilalamika kuwa maziwa yake yamekauka, na majirani watatafuta mchawi.

Hapana budi niseme kwamba sheria hiyo haikumsahau mama kabisa. Inamtaka mwajiri amruhusu kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, hadi saa 2 kwa siku. Hiyo ni haki, wala mtu asiiombe kwa unyenyekevu kama anayekopa. Lakini mtoto yuko wapi? Ikiwa ameachwa kwa bibi yake Gongo la Mboto na mama yuko ofisini Posta, saa hizo mbili zitaishia njiani. Na mama lishe wa Gerezani, au muuza nyanya wa kandokando ya soko, hana hata huyo mwajiri wa kumdai. Siku yake ya kurudi kazini huamuliwa na mtaji.

Kwa hiyo, mtoto na ziwa havina budi kukaa pamoja, na kazi iendelee. Ndipo nikaifikiria upya mbeleko.

Sisi tuliolelewa mgongoni twaijua heshima yake. Katika mila za ndoa za Waswahili wa pwani, bwana harusi hutoa mbeleko kwa mama wa bibi arusi, kuwa shukrani kwa mgongo uliombeba binti, na hutoa mkaja kwa ajili ya tumbo lililomzaa. Mgongo ni mahali pema kwa mtoto aliyekwisha kukaza shingo. Lakini mtoto wa miezi mitatu, katikati ya msongamano wa Mtaa wa Uhuru, mama hamwoni wala hajui ni kiroba cha nani kinachopita kichwani pake. Ndani ya daladala ni lazima afunguliwe ili mama aweze kuketi. Na kunyonya ni mpaka afunguliwe vile vile.

Nilipojifungua mara ya pili nilijaribu mbeleko ya pete. Ni kitambaa cha urefu wa mita 2 hivi ambacho ncha yake moja imeshonewa pete mbili. Pete hukaa karibu na bega. Kitambaa hushuka mgongoni, kikapita chini ya mkono wa upande wa pili, kikarudi kifuani na kuingizwa katika pete zote mbili, kisha kikarudishwa juu ya moja na chini ya nyingine kama mkanda. Uzito wa mtoto ndio unaokaza. Akitaka kunyonya, unalegeza kidogo ashuke kwenye ziwa. Akishiba unampandisha na kukaza tena. Ncha inayoning'inia hufunika kifua, na aliyeketi kando yako hatajua kama mtoto amelala au anakula.

Wazo hili limesafiri. Katika miaka ya 1960 muuguzi Mmarekani, Ann Moore, alikuwa Togo na Peace Corps, akawaona akina mama wakibeba watoto kwa kitambaa, akarudi kwao na kubuni mfuko wa kubebea ulioitwa Snugli. Mwaka 1981, huko Hawaii, Rayner Garner akatia pete mbili katika kitambaa ili kumsaidia mkewe. Zamani watu hao walituletea kitambaa cha marekani. Safari hii wameturudishia mbeleko yetu ikiwa na pete.

Kanga moja ni kama mita moja na nusu, haitoshi. Nilinunua doti ambayo haijakatwa. Muuzaji, mama mtu mzima, aliitikia shikamoo yangu, akamtazama mtoto kifuani.

"Mwanangu, mbele ulikwisha kumbeba miezi tisa, bado tu?"

"Mama, mbele ndiko kwenye chakula."

Alicheka sana, lakini bei hakupunguza.

Pete niliagiza kwa wifi yangu aliyekuwa ng'ambo. Fundi cherehani alinishauri nitumie za mapazia, nikakataa. Pete ya pazia ilikusudiwa kubeba pazia. Zinazofaa ni za alumini, nene, zisizo na kiungo. Uso wa mtoto uonekane wakati wote, pua isizibwe, na kidevu kisigande kifuani, kwani hewa itakatika bila kilio. Abebwe juu kiasi cha kuweza kumbusu kichwani, na baada ya kunyonya arudishwe wima. Mtoto njiti, au aliyezaliwa na uzito mdogo, ulizia kliniki kwanza. Usimbebe hivyo mbele ya karai la mafuta, na kwenye bodaboda usipande naye kabisa.

Ofisini nilikubaliwa nije naye. Nilichohitaji ni kiti chenye mgongo na pembe isiyo na upepo wa feni. Niliandika habari za bei za vyakula sokoni mtoto akinyonya, na wenzangu walizoea kabla ya juma kwisha.

Sasa ana miezi kumi na mmoja. Kifua amekichoka, anataka mgongoni, kwa sababu huko ndiko anakowaona watu.