Udi wa Lamu: Je, Ukikaa Ndipo Unukiapo?

UKISHUKA mashuani kutoka Mokowe na kupanda ngazi za gati ya Lamu, pua hutangulia macho. Kwanza utapokewa na harufu ya bahari na ya mbolea ya punda, maana punda ndiye mwenye barabara mjini humo. Ingia vichochoroni, kuta za mawe zikubane huku na huku, na hapo ndipo utakapoinusa ile harufu iliyolipa jina kisiwa hiki kote Pwani. Hutoka polepole katika mlango ulioachwa wazi kidogo, moshi mwembamba, mtamu, wenye uzito fulani. Huo ni udi.

Msomaji wa bara akisikia udi huenda akafikiria vile vijiti vyembamba vinavyouzwa kwa pakiti madukani. Udi wa Lamu ni kitu kingine kabisa. Huu hupikwa, na wapishi wake ni akina mama. Sukari huyeyushwa motoni hadi iwe nzito ya kunata, kisha hutiwa chenga na unga wa mti wa udi, na pengine sandali. Sufuria ikishaepuliwa, ndipo hutiwa manukato: miski, ambari, zafarani, marashi ya waridi, kila mpishi na mkono wake. Yakitiwa mapema huruka na mvuke, na jirani ndiye anayefaidi. Mchanganyiko ukipoa hukatwa vipande na kufungiwa chupani. Kipande kimoja juu ya kaa la moto chetezoni hutosha kunukiza chumba kizima, pamoja na leso, kanzu na nywele za mwenyewe.

Mwandishi huyu alifika Lamu na swali moja ambalo wanunuzi wengi hulinong'ona lakini hawaliulizi. Katika kibanda kimoja kando ya Usita wa Mui, ile njia kuu inayopita katikati ya mji, niliwekewa chupa mbili zilizofanana. Moja, niliambiwa, ni ya mwezi huu. Ya pili ni udi wa miaka, udi uliokaa, na kwa sababu hiyo bei yake ni mara mbili. Je, kukaa kwenyewe kunaongeza chochote, au mnunuzi analipia vumbi lililo juu ya kifuniko? Kwa familia inayoandaa arusi na kuhitaji udi wa kuvukiza siku kadhaa mfululizo, swali hilo si la mzaha. Ni pesa za pilau.

Nilipelekwa kwa mama mmoja mtaa wa Langoni ambaye amepika udi tangu akiwa mwari. Nilimwamkia, akanikaribisha dakani, kile kibaraza cha ndani ya lango ambacho ni sebule ya wapita njia. Aliniambia, mwanangu, udi wa leo hauvukizwi leo. Yeye huufunga na kuuacha majuma mawili au matatu kabla ya kumpa mwenyewe. Nilipomuuliza kuhusu miaka mitatu, alicheka.

Kicheko hicho kina elimu ndani yake. Udi ukiwa mbichi, kila kitu hunuka peke yake. Unaweza kuitambua sukari, ukaitambua miski, ukayatambua marashi, na mara nyingi kuna ukali unaochoma pua, hasa ikiwa manukato yaliyotiwa yalikuwa na spiriti. Mafuta ya manukato hayapenyi katika sukari iliyoganda wala katika chenga za mti kwa siku moja. Yanahitaji muda kusambaa, na spiriti inahitaji muda kutoka. Baada ya majuma hayo machache harufu hushikana na kuwa moja. Waswahili wana neno lao kwa hali hii: udi umekolea. Kwa hiyo anayesema kwamba udi hunoga ukikaa, hadi hapo hajasema uongo.

Lakini kukolea kuna mwisho wake. Mambo yakishashikana, muda hauna tena cha kuongeza, na kuanzia hapo kazi yake ni kupunguza. Harufu nyepesi kama za maua na za ndimu ndizo za kwanza kuondoka. Ama huruka kila kifuniko kinapofunguliwa, ama huharibiwa na hewa na mwanga. Harufu nzito za mti wa udi, sandali na ambari hubakia. Ndiyo maana udi wa miaka mingi hunuka mti zaidi kuliko waridi, na mnunuzi akadhani umekomaa. Hakuna kilichoongezeka humo. Wepesi wamehama, wazito wakabaki na nyumba. Ikiwa mpishi alitia mti wa kweli kwa wingi, mabaki hayo ni mazuri sana. Ikiwa alitia sukari nyingi na manukato ya bei nafuu, baada ya miaka mitatu unanunua peremende.

Hapa sharti tuzitaje nyumba zenyewe, maana nusu ya kazi ya kuhifadhi hufanywa na kuta. Katika nyumba za kale za Lamu, mji ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, vyumba hupangwa kimoja nyuma ya kingine, na kile cha ndani kabisa ndicho chenye giza na ubaridi. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe, na nyingine zina zidaka, zile safu za vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa. Chupa ya udi ikiwekwa humo haipigwi na jua wala joto la mchana. Ilinganishe na chupa inayoanikwa mbele ya kibanda kuanzia asubuhi hadi magharibi ili wageni waione! Hiyo ya kibandani huchakaa kwa miezi michache kuliko ya zidakani kwa mwaka mzima.

Adui mwingine ni unyevu. Sukari hunyonya maji ya hewani, na Lamu ni kisiwa. Mvua za masika zikianza na kusi likivuma, chupa isiyofungwa barabara hulowa ndani. Udi wa namna hiyo ukiuweka juu ya kaa hutokota na kulia kama mafuta ya sambusa, ukatoa harufu ya sukari iliyoungua.

Mjukuu wa mama yule, mwanafunzi aliyekuwa likizoni kutoka Mombasa, alisikiliza mazungumzo yetu kisha akatia lake. Rafiki zake wanaovuta sigara za kielektroniki, alisema, hufanya vivyo hivyo. Maji ya sigara hizo huyafungia kabatini majuma mawili wakiamini ladha itakolea. Bibi yake alimkata jicho, lakini kijana alikuwa amegusa jambo. Maji hayo ni gliserini, propilini glaikoli, nikotini na ladha, na ni kweli ladha huchukua muda kusambaa katika kitu kizito kama gliserini. Rangi nayo hugeuka kuwa ya kahawia, wavutaji wakafurahi. Rangi hiyo mara nyingi ni nikotini inayoharibiwa na hewa na mwanga. Tena mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Yale na Duke nchini Marekani walionyesha kwamba baadhi ya ladha, vanila ikiwemo, huungana na propilini glaikoli humo humo chupani na kuzaa kemikali mpya zinazowasha njia ya pumzi kuliko ladha za awali. Chupa iliyotulia kabatini haijatulia. (Wala moshi wa udi si dawa ya kifua, mwenye mtoto wa pumu afungue madirisha au amtoe nje kwanza.)

Je, hakuna basi kinachoboreka kwa uzee? Kipo, ila uzee wenyewe hutokea kabla ya jikoni. Chukua ambari. Hutoka tumboni mwa nyangumi ikiwa nyeusi na yenye uvundo, na ni miaka ya kuelea baharini, ikipigwa na jua na chumvi, ndiyo huifanya kuwa ya kijivu na yenye harufu ya kupendeza. Pwani yetu ilisifika kwa ambari tangu zamani, na msafiri al-Masudi, aliyefika upande huu mwaka 916, aliitaja. Mti wa udi nao ni hivyo hivyo. Hutoka katika misitu ya Asia, kuanzia Assam hadi Indonesia. Mti mzima hauna harufu ya maana. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi ndani ya shina, na utomvu huo hukusanyika kwa miaka. Umekatwa sana kwa sababu hiyo, hata aina ya Aquilaria malaccensis ikawekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa CITES mwaka 1995. Kwa hiyo muuzaji akikuambia udi wake ni wa miaka, muulize miaka ya mti au ya chupa.

Nilirudi kibandani na kuomba zote mbili zijaribiwe. Kunusa chupani hakutoshi, kwani pua hupata manukato tu. Ni moto unaosema kuhusu mti. Kaa lifunikwe kwanza na jivu jembamba ili sukari isiungue, kisha usiamue kwa moshi wa mwanzo, ambao ni wa sukari. Subiri kidogo. Chupa ya bei mara mbili ilitoa moshi mtamu mtupu uliokwisha upesi. Ya mwezi huu ilikuwa bado na ukali, lakini nyuma yake mti ulisikika wazi, na saa moja baadaye shati langu lilikuwa bado linanukia. Nilinunua hiyo ya mwezi huu, nikaifunga kwa nailoni mara mbili na kuisahau kabatini kwa majuma matatu.

Anayetaka kuona udi ukivukizwa kwa wingi aende Lamu Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Lakini atafute malazi mapema, kwani mji hufurika, na kama anataka kupikiwa udi wake, ampelekee mpishi ujumbe mwezi mmoja kabla.