Vikombe Vingapi vya Kahawa

Msomaji, iko siku utakaa mbele ya watu usiowajua, wasifu wako umelazwa mezani, nao watakuuliza swali ambalo hukulisoma katika kitabu chochote. Nataka kukusimulia swali langu, na jinsi nilivyolijibu vibaya, ili likikufika lako usitahayari kama nilivyotahayari mimi.

Nilikuwa mwanafunzi wa biashara wa mwaka wa tatu katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kule Tudor. Kampuni moja ya ushauri wa biashara ilikuja chuoni kutafuta vijana. Kazi ya kampuni za namna hii ni kuchunguza shida za wenye biashara na za serikali, na kuwaonyesha njia ya kuzitatua. Huwatafuta vijana kabla hawajamaliza masomo: kwanza hutaka barua na wasifu, kisha hutoa mtihani wa hesabu, na mwisho huwaita wachache kwa mahojiano. Mama yangu, aliyenisomesha kwa kukaanga mahamri huko Kibokoni, alininunulia shati jeupe kwa siku hiyo.

Mhojaji aliniuliza, "Katika kisiwa cha Mombasa hunywewa vikombe vingapi vya kahawa kwa siku?"

Sikujua, na nilidhani kutojua ni aibu. Nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye hakika, "Milioni moja." Akaniuliza kwa upole nimeipataje hesabu hiyo. Nikanyamaza. Akanikumbusha kwamba katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 kaunti ndogo ya Mvita, iliyo na kisiwa chote, ilikuwa na watu 154,171. Kwa jibu langu ingelazimu kila mtu, hata mtoto wa juma moja, anywe vikombe sita na zaidi. Mahojiano yalikwisha upesi. Nyumbani nilimwambia mama kwamba mambo yalikwenda vizuri, na hivyo nikaongeza uongo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Usiku ule nilikwenda kwa ami yangu, auzaye kahawa karibu na Ngome ya Yesu, nikamweleza ukweli. Hakunicheka. Alisema, "Mwanangu, mimi hulijibu swali hilo kila alasiri kabla ya kuwasha jiko. Dele langu hutoa vikombe hamsini. Siku ya kawaida huuza madele manne, Ijumaa sita. Mvua ikinyesha, nusu. Ramadhani mchana hapana kitu, lakini baada ya tarawehe sipati nafasi ya kukaa. Basi hesabu wauzaji wa mtaa mmoja, kisha hesabu mitaa. Wala usiwasahau wanaovuka kwa feri kutoka Likoni. Hao hawalali kisiwani, lakini hunywa."

Hiyo ndiyo njia niliyotakiwa kuionyesha. Baadaye nilisoma kwamba Enrico Fermi, mtaalamu wa fizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1938, alijulikana kwa kuwapa wanafunzi wake maswali kama hayo: mji wa Chicago una mafundi wangapi wa kurekebisha sauti za piano? Hakutaka wakariri idadi. Alitaka waligawe jambo kubwa katika madogo wanayoweza kuyapima.

Mwaka uliofuata kampuni nyingine iliniuliza idadi ya tuktuk mjini. Nilisema, "Sijui idadi kamili, lakini nitawaonyesha njia ya kuikaribia." Nikaanza na wakazi, nikaja kwa wapandao, kisha safari za tuktuk moja kwa siku, na kila nilipokisia nilisema kwamba ninakisia. Nilikosea mahali pamoja, nikasahihishwa, nikaendelea. Nilipokewa kwa mafunzo ya miezi sita. Jioni ile nilimweleza mama habari zote mbili, ya mwaka ule na ya mwaka uliotangulia. Akaniambia kwamba ya kwanza aliijua tangu usiku ule ule, kwa kuwa sikula.

Msomaji, haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai kwa kusema kimejaa. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, kisha anza kuhesabu kwa kile unachokijua. Kazi yaweza kukupita hata hivyo, kwa kuwa waombao ni wengi na nafasi ni chache. Lakini utarudi nyumbani ukiwa na uso wa kumtazama mama yako.