Mara ya Kwanza Mlandege

Basi lilipomaliza kona za mlima Kitonga, baridi ikaanza kupenya madirishani, nasi tuliotoka Dar es Salaam tukajikunyata. Ilula tukapita kati ya matenga ya nyanya na vitunguu. Sikuwahi kufika Iringa. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamivu na kuanza utafiti juu ya bakteria wa tumboni na mzio wa watoto, na wenyeji wangu walinielekeza kwanza kwa mama mmoja wa Mlandege anayeuza togwa.

"Kamwene," alinipokea, nami nikampa shikamoo. Akanikalisha jikoni, nikaangalia anavyotengeneza togwa. Uji wa mahindi aliupika ukaiva sawasawa, akauacha upoe hadi kidole kivumilie, kisha akautia kimea cha ulezi. Uji mzito hulegea, ukaingia utamu, na baada ya kulala usiku huchacha. Bakteria hugeuza sukari kuwa asidi, na vijidudu vingi vya kuharisha haviwezi kuishi humo. Hili limepimwa nchini: mwaka 1999 Kingamkono na wenzake walionyesha kuwa watoto waliopewa togwa kila siku kwa siku 13 walipungukiwa na vijidudu hivyo tumboni. Nilikuwa nimeisoma kazi hiyo mara nyingi, lakini pale jikoni, mbele ya chungu chenyewe, ndipo nilipoithamini.

"Zamani watoto wa kujikuna hivi hatukuwaona," mama alisema, akimtaja mtoto wa jirani mwenye pumu ya ngozi. "Wametoka wapi?"

Swali lake ndilo lililonipandisha basi. Kinga ya mtoto mchanga hujifunza kupitia vijidudu inavyokutana navyo: itulie mbele ya kipi, ipambane na kipi. Isipokutana navyo mapema, huweza kupambana hata na chakula au vumbi. Huenda hata minyoo huifundisha kinga hiyo. Nikamsimulia habari za Entebbe, Uganda, ambako kuanzia 2003 wajawazito 2,507 waliandikishwa kwenye utafiti wa dawa za minyoo. Matokeo yaliyochapishwa na Harriet Mpairwe na wenzake mwaka 2011 yalionyesha kuwa watoto wa mama waliopewa albendazole walipata pumu ya ngozi zaidi kuliko wale ambao mama zao hawakupewa.

Binti yake, mjamzito, alikuwa akimenya viazi kimya. Akainua uso.

"Kwa hiyo dada, zile dawa za minyoo za kliniki ninywe au nisinywe?"

Nikamwambia anywe kama anavyoelekezwa. Minyoo ya safura hunyonya damu, na upungufu wa damu humhatarisha mjamzito pamoja na mtoto. Entebbe haikuifanya minyoo kuwa rafiki yetu. Imetuachia kazi ya kutambua ni kitu gani hasa humfundisha mtoto utulivu, ili siku moja tumpatie hicho bila safura wala kuharisha. Naiamini kazi hii kwa moyo wote, na naamini haiwezi kufanywa vizuri bila watu wa Mlandege kujua inafanywa kwa nini.

Nikamwomba tumfuatilie mwanawe tangu kuzaliwa: kinyesi, maziwa anayonyonya, uji wake wa kwanza. Alifikiri kwa muda mrefu, akamtazama mama yake, akakubali kwa sharti kwamba majibu yarudishwe kliniki anakohudhuria, yasomwe kwa Kiswahili, na kina mama wote wawepo.