Vazi la Tovuti Yetu

Wengi wenu mnaifahamu tovuti ya ndani ya shule yetu, ile mnayoifungua katika chumba cha kompyuta ili kutazama ratiba na matangazo. Wengine mmekwisha kuniuliza kwa nini zamani ilikuwa ya manjano na sasa ni ya kijani. Basi nitawasimulia, ijapokuwa habari yenyewe hainipi sifa.

Programu inayoiendesha yaitwa Moodle. Ilianzishwa na Martin Dougiamas huko Australia, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Ni programu huria, yaani mtu ye yote aruhusiwa kuifungua, kuitazama ndani, kuibadili na kumpa mwenzake. Wala si lazima iwe na intaneti; yetu hukaa katika seva moja, na kompyuta zote za chumbani huisoma kwa waya.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, Mwalimu wa kompyuta aliniambia, "Ifanye ifanane na shule yetu." Nilifurahi mno. Sura ya kurasa za Moodle hutoka katika mafaili yaitwayo mandhari, na mandhari tuliyoyakuta ni Boost. Nikayafungua mafaili yale yale, nikafuta rangi zake, nikaweka manjano ya fulana zetu za michezo. Vichwa vya habari manjano, matangazo manjano, na ukurasa mweupe! Kisha Mwalimu akanifungulia sehemu ya lugha, nikabadili na maneno. Ukurasa wa kwanza uliitwa kwa neno ambalo wenzangu walidhani ni la motokaa, nasi tukauita "Ukumbi Wangu". Watu wakasifu, nami nikavimba kichwa.

Muhula ule mtihani wa Hesabu ulihamishwa kutoka saa nane mchana hadi saa mbili asubuhi, na tangazo likawekwa katika tovuti. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Kwanza, ambaye macho yake ni dhaifu, hakuliona. Alikuja saa nane na rula yake mkononi, akakuta chumba kitupu. Aliponiambia kwamba maandishi yangu hayasomeki, nikamjibu, "Tafuta miwani." Waliokuwapo wakacheka. Mtihani aliufanya Jumamosi, peke yake, wenzake wakicheza mpira.

Likizo iliyofuata Mwalimu aliweka toleo jipya la Moodle. Niliporudi, manjano yote yalikuwa yametoweka. Kazi ya wiki tatu! Nilidhani kuna mtu aliyenifanyia hila. Lakini ajabu, "Ukumbi Wangu" ulikuwapo bado. Mwalimu akanieleza sababu: mafaili ya Boost ni ya programu yenyewe, na toleo jipya huja na yake likaziba ya zamani, bali maneno tuliyoyabadili huhifadhiwa katika folda ya data, ambayo haiguswi.

Dawa yake ni mandhari mtoto. Huundwa folda mpya yenye jina letu, na ndani yake mafaili machache, moja likitaja kwamba mzazi ni Boost. Mtoto hurithi kila kitu, akabadili kile tu alichoagizwa. Mzazi akipata toleo jipya, mtoto hubaki na nguo zake. (Siku ya kwanza hatukuona badiliko lo lote, tukahangaika jioni nzima, kumbe Moodle huweka nakala za kurasa tayari, na lazima zifutwe kwanza.)

Safari hii nilimwendea yule mwenzetu kabla ya kuchagua rangi. Sikujua nianzie wapi, nikasema tu, "Samahani." Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, twende." Mwalimu akatufundisha hesabu yake. Mwongozo wa W3C unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na ukurasa isipungue 4.5 kwa 1. Tukapima manjano yangu, #FFFF00, juu ya nyeupe: 1.07 kwa 1. Niliona haya. Kijani kile cha #006400 kilipita 7 kwa 1, tukakichukua. Manjano tukayaachia mstari mwembamba juu ya ukurasa, kwa heshima ya fulana.

Kisha mwenzetu akakaa benchi ya pili, akasoma tangazo zima kwa sauti, hadi neno la mwisho. Alipomaliza akaniambia kwamba herufi bado ni ndogo. Tumeziongeza.