Shinkolobwe na Saa ya Babu

Kutoka Likasi tulifuata njia ya Shinkolobwe, kama kilometa 20. Mgodi umefungwa tangu 2004, basi tulitazama kwa mbali tu. Toka 1922 mawe ya hapa yalitolewa radiumu kule Olen, Ubelgiji. Radiumu ilitiwa katika rangi ya namba za saa, zing'ae usiku.

Wanaume wanaokusanya kronografu, saa za zamani za kupimia mbio, hubishana: mashine ni ya Valjoux ao ya Venus? Sisi tuliuliza rangi. Hata ikizimika, radiumu ingali mle. Kupungua nusu ni miaka 1600. Marekani, wasichana waliopaka saa wakilamba brashi waliugua taya, wengine wakafa.

Mwenzetu mmoja alinyamaza. Mtoto wake huchezea saa ya babu, huikwaruza kwa kisu. Jioni ile aliifungia ndani ya kopo, mbali na kitanda.