Jibini ya Wageni

Kijana mmoja mwenye mgahawa karibu na stendi ya Ngara, mpole wa maneno na mchapakazi, alinihakikishia majuzi mbele ya wateja wake kwamba jibini ilifika katika wilaya hii mwaka 1994 pamoja na magari meupe ya mashirika, na kwamba kabla ya hapo hapakuwa na mtu wa Ngara wala wa Biharamulo aliyepata kuiona. Aliyasema hayo huku akinifungulia kipande cha kitu cha manjano kilichoviringishwa katika nailoni, ambacho juu yake, kwa herufi ndogo zilizonilazimu kutoa miwani, iliandikwa kuwa kimetengenezwa kwa mafuta ya mawese, wanga na chumvi. Maziwa hayakutajwa. Kwa kuwa alikuwa ameniamkia kwa adabu, na chai yake ilikuwa njema, sikumbishia. Lakini neno lake halikunitoka, na haya ndiyo ningalimjibu kama wateja wangalikuwa wachache.

Baba yangu alikuwa mtu wa Pangani, karani wa serikali, aliyehamishiwa katika boma la Biharamulo wakati mimi ni mtoto wa kuingia shule. Mwaka wenyewe nimejaribu kuuhakiki: barua yake moja yasema 1953, nyingine yasema 1954, na cheti changu cha shule kinaafikiana na hiyo ya pili, basi na iwe 1954. Kwetu sisi watu wa pwani Biharamulo ilikuwa ughaibuni hasa. Hapakuwa na nazi, hapakuwa na samaki wa maji chumvi, na Waislamu tulikuwa wachache hata tukajuana kwa kukohoa. Mara chache katika mwaka mama alikuwa akiletewa papa mkavu katika kifurushi kilichoshonwa kwa gunia, na kilipofumuliwa majirani zetu Wasubi walitoka nje wakiziba pua, ilhali yeye alikiinamia kana kwamba ameletewa chetezo cha udi. Tangu nilipoyaona hayo sikupata kumcheka Mzungu kwa sababu ya jibini yake.

Na jibini ilikuwapo. Ilikuwa katika duka la Mwarabu mmoja, mtu ambaye wazee wake walitoka Oman wakaingia bara kwa tijara, naye akakulia Tabora, akaja kufungua duka lake chini ya boma, mlango mmoja wa mbele na mwingine wa ua. Ningefumbwa macho leo na kuzungushwa katika maduka yote ya mkoa wa Kagera, lile ningelitambua kwa harufu: mafuta ya taa kwanza, kwani pipa lake lilikuwa mlangoni, kisha khanga mpya zenye wanga, kisha sabuni ya mche, tende zilizogandamana, na karafuu alizoziweka kinywani tangu alfajiri, na nyuma ya hayo yote, karibu na jokofu lililoendeshwa kwa mafuta ya taa, harufu moja chachu na nzito ambayo mtumishi mgeni wa duka, katika juma lake la kwanza, aghalabu aliidhania ni panya aliyefia ukutani.

Jibini zake zilikuwa za namna tatu. Ya kwanza ni ile ya kopo, iliyoyeyushwa na kupikwa tena ili isioze. Mmarekani James Kraft alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1916, na katika vita vile vya kwanza askari wa Marekani walilishwa kwayo. Ya pili ni ya Kenya, iliyotoka katika viwanda vya KCC, chama cha ushirika wa maziwa, ikavuka ziwa kwa meli. Ya tatu ndiyo iliyokuwa sultani wa duka: Edam ya Uholanzi, mviringo wake umevikwa nta nyekundu, jibini iliyowafaa mabaharia tangu zamani kwa kuwa maji yake ni machache, chumvi yake ni ya kutosha, na nta huizuia hewa isiingie. Edam hiyo ilishuka bandarini Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Mwanza, ikaingia melini hadi bandari ndogo ya Nyamirembe, na kutoka Nyamirembe ikapanda lori la vumbi hata Biharamulo, na baada ya safari yote hiyo Mwarabu wetu huiweka kiganjani, akaigonga kwa kifundo cha kidole na kuisikiliza. Ikitoa sauti ya kitu kilichoshiba, huiweka upande wa bwana wilaya na mapadre. Ikilia wazi, kama ngoma, alijua imepasuka ndani, akaishusha bei bila ya kuulizwa sababu, jambo ambalo sijaliona tena kwa mfanyabiashara yeyote tangu alipofariki yeye.

Wateja walifahamika. Walikuwapo maofisa wa bomani, mabwana waliopambana na mbung'o, Mapadre Weupe wa Katoke, na mara kwa mara gari la wamisionari wa Kianglikana, Waaustralia, lililotoka Murgwanza upande wa Ngara. Padre mmoja Mholanzi aliingia dukani akiwa na uso wa mtu aliyekuja kupokea barua ya nyumbani. Hakuuliza bei. Mwarabu, ambaye alimjua, hakuwa akiyaanza mazungumzo ya fedha mpaka padre amekwisha kunusa. Kisha akamwambia, "Baba, leo imekuja nzima," naye padre akajibu, "Alhamdulillahi," wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nikishinda pale baada ya shule, na ujira wangu ulikuwa maganda ya nta nyekundu, niliyoyatafuna siku nzima kwa fahari kuu, na siku ya Ijumaa kipande cha jibini yenyewe juu ya mkate, na chai ya tangawizi. "Kula, mwanangu," alikuwa akiniambia, "lakini usimwambie mama yako, ataniambia nakulisha maziwa yaliyokufa."

Nilipokua nilijiuliza swali ambalo yule kijana wa mgahawa hajajiuliza: nchi hii imekosa nini hata jibini iletwe kwa meli? Kwa Biharamulo jawabu ni jepesi, kwa sababu mbung'o na malale viliwanyima watu ng'ombe katika sehemu kubwa ya misitu ile. Ngara haina udhuru huo. Vilima vyake ni vya baridi, ng'ombe wake wa pembe ndefu walikuwapo kabla ya Mjerumani, na maziwa yalitunzwa kwa ustadi katika vyombo vilivyofukizwa moshi wa majani mazuri. Siagi walijua kuisuka na samli walijua kuiuza. Nilimuuliza bibi mmoja wa Muyenzi, mmoja wa wale waliovuka kutoka Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, nikamweleza namna jibini inavyogandishwa kwa dawa itokayo katika tumbo la ndama anyonyaye. Alinitazama kwa muda. "Mnamuua ndama," akaniuliza, "ili mgandishe maziwa ya mama yake?" Sikuwa na la kusema, wala sina mpaka leo. Fauka ya hayo, kilo moja ya jibini hutaka maziwa yapatayo lita kumi, na mwenye lita kumi katika nyumba yenye watoto haoni sababu ya kuyageuza kilo moja ya kitu kinachonuka.

Lakini ng'ambo ya milima, katika Kongo iliyokuwa ya Mbelgiji, mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka uleule wa 1954 niliokubaliana nao hapo juu, watawa wa monasteri ya Scourmont, ambayo jina lake kwa walaji na wanywaji wa Ubelgiji ni Chimay, walianzisha nyumba yao Mokoto katika nyanda za juu za Masisi. Na kufikia miaka ya 1970 wafugaji wa Masisi walikuwa wamefundishwa na mapadre wa Kizungu kutengeneza magurudumu ya jibini ya manjano, ndugu wa Gouda, ambayo hushushwa Goma na kuuzwa sokoni bila nembo wala karatasi.

Hayo nilikuja kuyajua kwa kazi. Miaka ile ya Benaco, kambi ya wakimbizi wa Rwanda, niliajiriwa Ngara kuwa mnunuzi wa shirika moja la kigeni, na orodha yangu ilikuwa na misumari, mapipa, dizeli, turubai, na chini kabisa, kwa kalamu ya risasi, jibini. Sitaki kuficha kwamba orodha ile ilinitia haya: barabarani watu walikuwa wakipanga foleni ya mahindi na maharagwe, nami nilikuwa nikiulizia kama ndege ya Mwanza imeleta jibini. Iliyofika kwa ndege ilifika imetoa jasho, laini kama sabuni iliyosahauliwa majini, na bei yake ilikuwa ya kumwoza binti. Barabara ya Kigali ilipofunguka, dereva mmoja aliniletea gurudumu la Masisi kupitia daraja la Rusumo, daraja ambalo kila mtu hapa ajua lilipitisha nini. Mhandisi Mwitaliano alilikata, akatafuna, akanyamaza, kisha akauliza limetoka mkoa gani wa Ulaya. Nilipomwambia ni la Masisi, Zaire, alidhani ninamfanyia mzaha, na nadhani aliondoka Ngara akiwa bado anadhani hivyo.

Yaliyobaki ni mafupi. Mokoto ilishambuliwa mwaka 1996, ng'ombe wengi wa Masisi wakaishia katika vinywa vya wenye bunduki, na mwishoni mwa mwaka huohuo wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, magari meupe yakapungua, na jibini nayo ikaondoka. Kambi ya wakimbizi ya Lukole nayo ilifungwa. Chato ikajitenga na Biharamulo. Duka la Mwarabu lilibomolewa, na mahali pake pamejengwa nyumba ya vioo wanapouza simu na kutuma fedha, nayo hainuki chochote. Lami imefika, umeme umefika, majokofu yamejaa kila duka, na ndani yake mna maji ya chupa, soda, na kile kitu cha mawese ambacho vijana wanakipaka juu ya chapati na kukiita kwa jina lisilokistahili. Masisi, pamoja na vita vyote, haijaacha kutengeneza jibini. Na Ngara, pamoja na amani yote, haijaanza.

Juma lililopita nilikwenda Kabanga kwa mfanyabiashara mmoja ambaye magari yake huenda Kigali, nikamwomba aniletee gurudumu moja la Goma. Aliniuliza ni nani mwingine atakayelinunua likimdodea. Nikamwambia hakuna. Akanitaka malipo ya mbele, yote, nami nikampa, tukaandikiana.