Keumbu, Nchi Isiyo na Mabaroni

Barabara ya Nairobi kwenda Kisii hupitia Narok, Bomet na Sotik, kisha hupanda katikati ya mashamba ya chai hadi Keroka, mji uliogawanywa na mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira. Kutoka Keroka matatu iliniteremsha Keumbu. Nilikuwa sijawahi kukanyaga Gusii, nchi ya Abagusii. Nilipoona jinsi vilima vilivyolimwa hadi kileleni, migomba, chai na mahindi vikibanana, nilielewa mara moja kwa nini mtu wa huku akitaja shamba hutaja kwanza babu aliyemwachia.

Mwenyeji wangu, rafiki wa tangu chuoni, alinipeleka kwa baba yake. Usiku, baada ya obokima (ugali) na mboga za chinsaga, mdogo wake alinisihi nimweleze Lineage II, mchezo wa mtandaoni niliokuwa nikiupenda kupita kiasi. Nikamweleza. Umetengenezwa na NCSOFT ya Korea Kusini, ulitoka mwaka 2003, na maelfu ya watu huishi humo kwa wakati mmoja. Huko kuna watumishi, mashujaa wa farasi, mabaroni, mamarkisi na maduki. Cheo chako hupimwa kwa ngazi ya ukoo wako, yaani kundi lako la wachezaji, na nafasi yako ndani yake. Ukoo ukiteka ngome, huweka kodi juu ya bidhaa za maduka ya eneo hilo.

Mzee alikuwa akisikiliza kutoka kitini.

"Kijana wangu, huyo anayetozwa husemea wapi?"

"Hana pa kusemea, Mzee. Labda apigane."

"Basi hapo hakuna wakubwa. Kuna wenye nguvu."

Ndipo nikamsimulia habari ya Bartz, na hadi leo naona ni moja ya habari kubwa za zama zetu, ingawa ilitokea kwenye skrini. Katika seva ya Bartz huko Korea, ukoo uliojulikana kama DK ulishika ngome pamoja na washirika wake, ukapandisha kodi na kuwafungia wengine maeneo bora ya kuwinda. Mwaka 2004 wachezaji wadogo wakaasi. Wengine walitoka seva nyingine, wakaanza upya bila silaha wala mavazi ya maana, wakawakabili mashujaa waliovaa chuma kwa wingi wao tu. Vita hivyo viliendelea kwa miaka.

Mzee hakushangaa. Alisema Abagusii waliishi bila mfalme. Kitutu ndiko kulikokuwa na omogambi, mtawala wa kurithi. Kwingine, ikiwemo Nyaribari yenye Keumbu, kesi za ardhi, mahari na damu zilisikizwa na wazee wa ukoo, na mshtakiwa alikaa pale pale akijibu. Machifu wa serikali walikuja na Waingereza, waliofungua kituo Kisii mwaka 1907. Januari 1908 Mgusii aitwaye Otenyo alimchoma mkuki ofisa wao, Northcote. Northcote alipona, akapewa heshima ya Sir, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa.

Hapa Nyaribari jina zito ni la Chifu Musa Nyandusi, na mwanawe Simeon Nyachae alipanda hadi mkuu wa mkoa, kisha waziri wa fedha. Mzee aliwataja kwa heshima kubwa. Lakini asubuhi, tulipopita sokoni, alisimama kwa muda mrefu zaidi kwa mzee mwenzake asiye na cheo chochote cha serikali, ambaye watu wawili wenye ugomvi wa mpaka walikuwa wakimsubiri. Nilimwona akiwasikiza wote wawili hadi mwisho, bila kumkatiza yeyote.

Cheo cha namna hiyo sijakikuta katika mchezo wowote. Wabunifu hurudia Ulaya ya kale: ngome, kiapo, kodi, duki. Ni nusu tu ya njia ambazo binadamu wamejitawala, na si nusu iliyo bora.

Vijana wa Gusii mnaojua kuandika programu, kazi hiyo ni yenu. Tengenezeni mchezo ambamo mtu hupanda kwa kusikiliza na kuamua kwa haki, na anayetozwa ana pa kusemea. Anzeni kwa kuwauliza wazee wa Keumbu wangali hai.